Raynox DCR-250 Mbele ya Nzi wa Milimita Tatu

Lenzi ya kuongezea ya Raynox DCR-250 imesifiwa kwa miaka mingi na wapiga picha wa wadudu, na sehemu kubwa ya sifa hizo inahusu uzuri: macho ya nzi yanayometa, matone ya umande juu ya mabawa, migongo ya kijani inayong'aa kama bati jipya. Tathmini hii haihusu uzuri huo. Swali ninalolijibu ni finyu zaidi na, kwa maoni yangu, gumu zaidi: je, kifaa hiki kidogo kinaweza kutoa picha ambayo mtu anayewafahamu nzi ataitazama na kusema kwa uhakika kwamba huyu ni wa familia fulani, wa jenasi fulani, na pale inapowezekana wa spishi fulani? Picha inaweza kumpendeza kila anayeiona na bado isimwambie mtaalamu chochote, kwa sababu alama anayoitafuta imefunikwa na mng'ao, imeangukia nje ya ukali, au iko upande wa mdudu ambao haukupigwa kabisa.

Jibu langu ni ndiyo kwa nzi wa kuanzia milimita tatu hivi kwenda juu, kwa sharti kwamba mwanga umeandaliwa vizuri. Kwa walio chini ya hapo kifaa hiki humfikisha mtu kwenye familia, na mara chache humvusha hapo. Maelezo yanayofuata yanaeleza kwa nini.

DCR-250 haijitegemei. Ni kioo cha kufungwa mbele ya lenzi ambayo mtu anayo tayari, chenye nguvu ya dayopta 8, yaani urefu wake wa fokasi ni milimita 125. Huja na kibanio cha plastiki chenye springi pembeni, kinachoshika lenzi ambazo uzi wake wa mbele una kipenyo cha kuanzia milimita 52 hadi 67, na kioo chenyewe kina uzi wa milimita 43 kwa anayetaka kukifunga bila kibanio. Kinachokitofautisha na vioo vya kawaida vya kukuzia, vile vya kipande kimoja, ni kwamba kimeundwa kwa vipande kadhaa vinavyorekebishana ili rangi zisitawanyike. Kwa mpiga picha wa maua tofauti hiyo ni ya anasa. Kwa anayetaka kuhesabu vinyweleo vyeusi vya nzi mbele ya mandhari meupe, ni jambo la msingi, kwa kuwa pindo za zambarau na kijani zinazoambatana na vioo dhaifu ni nene kuliko kinyweleo chenyewe, na pale vinyweleo viwili vinapokaribiana pindo hizo huviunganisha vikaonekana kimoja.

Ukuzaji wake hukokotolewa kwa urahisi. Lenzi ya nyuma ikiwa imefokasiwa mbali kabisa, urefu wake wa fokasi hugawanywa kwa 125: lenzi ya kawaida ya kuanzia, ikiwa kwenye milimita 55, inatoa ukuzaji wa mara 0.44 tu, lenzi ya milimita 200 inatoa mara 1.6, na ya milimita 300 inatoa mara 2.4. Mwenye lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100, akiifokasi kwenye ukaribu wake wa mwisho, yaani moja kwa moja (mdudu na taswira yake ndani ya kamera vikiwa na ukubwa sawa), kisha akaweka DCR-250 mbele yake, anafika karibu mara 2. Tofauti kati ya 0.44 na 2 inaeleweka vizuri zaidi kwa kuhesabu pikseli. Kwenye sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, ya ukubwa uitwao APS-C, yenye upana wa milimita 22.3 na pikseli 6000 kwa upana huo, nzi wa milimita tatu aliyekuzwa mara 0.44 anapata pikseli 350 hivi kutoka kichwani hadi ncha ya tumbo. Aliyekuzwa mara 2 anapata zaidi ya 1600. Kwa pikseli 350 mtu anaona kwamba kuna nzi, ana rangi gani na mabawa yake yamekaaje. Kwa pikseli 1600 anaanza kuona kinachohesabika. Ndiyo maana siwezi kumshauri mwenye lenzi fupi ya kuanzia kununua kifaa hiki kwa kazi hii, hasa kwa kuwa kwenye upana wa milimita 18 kona za picha huwa nyeusi kabisa kutokana na udogo wa kioo. Mwenye lenzi fupi atafaidika zaidi na mirija ya kurefushia inayowekwa kati ya lenzi na kamera: mirija ya jumla ya milimita 36 huongeza ukuzaji wa mara 0.72 kwenye lenzi ya milimita 50, lakini huongeza mara 0.36 tu kwenye lenzi ya milimita 100. Mirija hupenda lenzi fupi, vioo vya mbele hupenda lenzi ndefu, na wengi wanaolalamika kuhusu DCR-250 wameiweka kwenye lenzi isiyoifaa.

Ili vipimo hivi viwe na maana, inafaa kueleza nzi hutambuliwa kwa nini hasa. Oda ya Diptera ina zaidi ya spishi 150,000 zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi, na rangi peke yake haimfikishi mtu mbali. Kinachotazamwa mapema ni mishipa ya bawa. Nzi wa nyumbani, Musca domestica, ana mshipa mmoja wa katikati ambao ukikaribia ncha ya bawa hupinda ghafla kuelekea mbele, karibu ugusane na mshipa uliotangulia. Nzi wa jenasi Fannia, ambao kwa macho matupu huchukuliwa kuwa nzi wa nyumbani wasiokomaa, mshipa huo kwao huenda ukinyooka hadi ukingoni. Kwa nzi wa matunda wa familia ya Tephritidae, mshipa mwembamba ulio karibu na ukingo wa mbele hupinda kama kona ya meza kabla ya kufika ukingoni. Baada ya mishipa huja vinyweleo vigumu, ambavyo vina majina na mahali maalumu, na ambavyo havipaswi kuchanganywa na malaika laini yaliyotapakaa mwilini: vingapi viko kati ya macho, vimeelekea mbele au nyuma, vimepangwa vipi mgongoni, na kama kuna safu yake ubavuni, kati ya shina la mguu wa kati na la mguu wa nyuma. Safu hiyo ya ubavuni ndiyo inayowatenga nzi wa mizoga wa familia za Calliphoridae na Sarcophagidae na jamaa za nzi wa nyumbani wa familia ya Muscidae, na haionekani kamwe katika picha iliyopigwa kutoka juu, hata iwe kali namna gani.

Kuna na alama nyingine za namna hiyo. Unyoya wa kipapasio cha Drosophila una matawi marefu na huishia kwa ncha iliyogawanyika kama uma. Vinzi weusi wa familia ya Sphaeroceridae wanaopatikana kwenye samadi hujulikana kwa pingili ya kwanza ya wayo wa mguu wa nyuma, ambayo ni fupi na imevimba. Kwa nzi wa kijani wa jenasi ya Lucilia, idadi ya jozi za vinyweleo vya mstari wa katikati kwenye nusu ya nyuma ya mgongo wa kifua ni tatu kwa Lucilia sericata na mbili kwa Lucilia caesar. Kwa hiyo mpiga picha anayetaka jina anahitaji angalau mielekeo minne ya mdudu yule yule, yaani juu, ubavu, uso na bawa, na kifaa kinachosifika kwa picha moja nzuri lakini kinachomfukuza nzi kabla ya picha ya pili hakina faida kubwa hapa.

Katika hilo DCR-250 inafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Ikiwa mbele ya lenzi ndefu iliyofokasiwa mbali, inaacha nafasi ya takriban sentimita 11 au 12 kati ya kioo na mdudu. Ikiwa mbele ya lenzi ya makro iliyofokasiwa karibu kabisa, nafasi hiyo hupungua hadi kama nusu, lakini bado inatosha kuingiza mwanga na kumzunguka nzi taratibu. Nafasi hiyo inabaki ile ile kwa kila lenzi iliyofokasiwa mbali, iwe ya milimita 135 au 300, jambo linalorahisisha mazoea ya mkono. Aina nyingi za nzi hukubali kusogelewa iwapo kamera inakuja polepole kwa mstari mmoja, bila kuyumba pembeni na bila kivuli kuwapitia. Macho yao yana uwezo wa kutenganisha mimweko ya mwanga kwa kasi kubwa, kwa nzi wa mizoga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hivyo mwendo wa ghafla wanauona mapema sana. Mwendo wa polepole mno ndio unaowapita. Wakati mzuri ni nzi anaposugua miguu au kupangusa macho, kwa kuwa hapo huwa ametulia mahali pamoja, ingawa miguu ya mbele huziba uso wakati huo huo.

Ukali wa katikati ya picha ni wa hali ya juu. Kwenye lenzi nzuri ya makro, vinyweleo vya mgongo wa nzi wa nyumbani, ambaye ana urefu wa milimita sita au saba, hutoka kila kimoja na shina lake, na ile mistari minne ya giza kwenye kifua chake, tofauti na mitatu ya nzi wa Sarcophaga, haihitaji hata ukuzaji wa mwisho. Kingo za picha hulegea, hasa kwenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, lakini kwa kazi ya utambuzi hilo halinisumbui hata kidogo, kwa sababu nzi mdogo hukaa katikati na kingo hukatwa baadaye. Anayepiga picha za stempu au hati atakuwa na maoni tofauti, na atakuwa na haki.

Tatizo kubwa si la kioo hiki bali la fizikia yenyewe, na hakuna lenzi inayolikwepa: kina cha eneo linaloonekana kwa ukali. Tuchukue mfano wa makro ya moja kwa moja yenye DCR-250 mbele yake, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa f/11 (namba ya f ikikua, tundu huwa dogo zaidi). Kwa kuwa lenzi imerefushwa hadi moja kwa moja, tundu hilo linafanya kazi kama f/22. Kamera za Nikon huonyesha namba hiyo halisi kwenye skrini, ilhali za Canon huonyesha ile iliyochaguliwa, na tofauti hii imewachanganya wengi wanaolinganisha mipangilio yao. Kwa ukuzaji wa mara 2 na f/22 ya kweli, kina cha ukali ni takriban milimita 0.2. Uso wa Drosophila, kutoka ncha ya kipapasio hadi ukingo wa nyuma wa jicho, unazidi hapo. Mtu akijaribiwa kufunga tundu zaidi, mwanga huanza kujisambaza ukingoni mwa tundu na vinyweleo vyembamba huyeyuka, na hapo picha inakuwa na kina lakini haina maelezo. Ushauri wangu ni f/11 kwa picha moja moja, f/8 kwa anayekusudia kuunganisha picha nyingi, na kutopita hapo isipokuwa kwa sababu maalumu. Faida ya kioo cha mbele ni kwamba chenyewe hakipunguzi mwanga kama mirija inavyofanya: lenzi ya milimita 200 iliyofokasiwa mbali kwenye f/11 hubaki f/11 hata DCR-250 ikiwa mbele yake.

Kwa kuwa kina ni kidogo namna hiyo, kinachoamua thamani ya picha ni jinsi kamera ilivyolazwa sambamba na sehemu inayotakiwa. Bawa ni kitu bapa, na ukiliweka sambamba na sensa, milimita 0.2 zinatosha kulichukua lote. Mgongo wa nzi umepinda, kwa hiyo ni bora kuamua mapema kama kinachotafutwa ni vinyweleo vya katikati au vya pembeni kuliko kupata nusu ya kila kimoja. Kwa ubavu, mimi hufokasi kwenye shina la mguu wa kati, na jicho likitoka na ukungu nalivumilia, ingawa kila mwongozo wa upigaji picha husisitiza kwamba jicho lazima liwe kali. Kanuni hiyo ni ya picha za kupendeza.

Mwanga unastahili kujadiliwa kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ndio unaoamua kama DCR-250 itaonekana kifaa cha maana au cha kuchezea. Kwa ukuzaji huu mwanga wa mchana hautoshi mkononi. Mtikisiko wa mapigo ya moyo peke yake unaonekana kwenye picha. Taa ya kamera, yaani flashi, ikiwekwa karibu na mdudu hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake, kama 1/16 au 1/32, na kwa nguvu hiyo mwako wake hudumu muda mfupi sana, kwa taa nyingi karibu na 1/10000 ya sekunde, kiasi kwamba mtikisiko wa mkono na wa nzi mwenyewe hugandishwa. Lakini flashi tupu huharibu kila kitu. Nzi wengi wana ngozi ngumu inayong'aa, na chanzo kidogo cha mwanga hujitokeza juu yake kama doa jeupe lisilo na habari yoyote ndani yake. Nimelitazama hili kwa karibu kwenye nzi wa kijani wa Lucilia: kwa flashi tupu, doa hilo hukaa hasa nyuma ya katikati ya kifua, mahali pale pale ambapo zile jozi mbili au tatu za vinyweleo zinapaswa kuhesabiwa, na pembeni mwake kijani hugeuka kuwa nyeusi. Karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, au plastiki nyembamba ya rangi ya maziwa, ikikunjwa kama upinde juu ya lenzi na kushuka hadi karibu na mdudu, hubadilisha doa hilo kuwa mteremko mpana wa mwanga hafifu, na ndani ya mteremko huo kila kinyweleo huonekana kikisimama kwenye kishimo chake. Hata kinyweleo kilichokatika huhesabika, kwa sababu kishimo chake hubaki, duara dogo lenye ukingo. Mtambuzi makini huhesabu vishimo pamoja na vinyweleo, na picha isiyoonyesha vishimo humnyima nusu ya ushahidi.

Kinachohitajika ni kitambaa au karatasi iwe kubwa ikilinganishwa na mdudu na iwe karibu naye. Vile visanduku vidogo vya plastiki vinavyochomekwa juu ya flashi havisaidii kitu kwa umbali huu. Nafasi ya sentimita kadhaa inayoachwa na DCR-250 ndiyo inayoruhusu upinde huo kupita, na hapa ndipo ninapoiona bora kuliko lenzi nyingi zenye ukuzaji mkubwa zaidi. Kwa mabawa mpango hubadilika kidogo. Bawa linalotazamwa juu ya kitu cheusi hutoa rangi za upinde wa mvua zinazotokana na wembamba wake, zenye kupendeza na wakati mwingine zenye kusaidia, lakini mishipa hufifia ndani yake. Juu ya jani lililopauka au karatasi nyeupe iliyoangazwa kidogo, rangi hizo hutoweka na mishipa husimama kama mchoro wa wino. Mtu akipata nafasi, apige zote mbili, na ainamishe kamera kidogo kila bawa linapong'aa lote kwa pamoja.

Kuhusu kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti ili kupata picha moja yenye kina, DCR-250 haiweki kizuizi chochote: kamera zenye uwezo wa kusogeza fokasi zenyewe kwa hatua huendelea kufanya hivyo kioo kikiwa mbele, kwa kuwa fokasi inafanywa na lenzi ya nyuma. Programu za Helicon Focus na Zerene Stacker zote mbili hufanya kazi hiyo vizuri, lakini anayetafuta utambuzi anapaswa kuzitazama kwa jicho la mashaka. Nzi aliye hai akisogeza kipapasio kati ya picha mbili, programu inaweza kukiweka mara mbili, na kinyweleo kimoja kikawa jozi. Njia ya PMax ya Zerene hushika vizuri vinyweleo vinavyopishana, lakini huongeza chembechembe na kubadilisha rangi na utofautishaji. Njia ya DMap hulinda rangi lakini hula vinyweleo vinavyopita mbele ya vingine. Kwa sababu hiyo nashauri picha za asili zihifadhiwe na zitolewe pamoja na ile iliyounganishwa, ili mwenye shaka arudi kwenye chanzo. Programu za kisasa za kunoa picha kwa akili bandia ninazikataa moja kwa moja kwa kazi hii. Zinachora kile zinachodhani kipo, na kinyweleo cha kudhaniwa ni kibaya kuliko kinyweleo kisichoonekana.

Wapo wanaomweka nzi kwenye kichupa ndani ya friji kwa dakika chache ili apoe na kutulia. Njia hiyo inafanya kazi, na nzi hupata nguvu tena muda mfupi baada ya kutolewa, lakini mkao wake huwa si wa kawaida: miguu hukunjwa chini ya mwili na mabawa hulala yakifunika tumbo. Asubuhi yenye baridi hutoa utulivu unaokaribia huo huo bila kumharibia mkao.

Nikilinganisha na vifaa vingine, mshindani wa kweli si kioo kingine cha mbele bali lenzi zilizotengenezwa kwa ukuzaji mkubwa. Canon MP-E 65mm, iliyotoka mwaka 1999, inakwenda kutoka mara 1 hadi mara 5, haina fokasi ya kujiendesha wala pete ya fokasi, na mtu hufokasi kwa kusogea yeye na kamera yake. Kwenye mara 5 nafasi inayobaki mbele yake ni milimita 41. Laowa 25mm f/2.8 ya Venus Optics inaanzia mara 2.5 na kuishia mara 5, nayo huacha kati ya milimita 40 na 45, huku tundu lake likifungwa kwa mkono na hivyo kuitia giza picha ya kutazamia. Zote mbili huonyesha kile DCR-250 isichoweza. Usubi wa jenasi ya Culicoides, wenye urefu wa milimita moja hadi tatu, hutofautishwa kwa sehemu kubwa na mpangilio wa madoa ya mabawa yao, na madoa hayo kwa ukuzaji wa mara 2 huonekana kama ukungu wenye mabaka, ilhali kwa mara 4 huwa na mipaka. Vivyo hivyo kwa jike wa Drosophila suzukii, ambaye meno ya chombo chake cha kutagia mayai ndiyo yanayomfanya aweze kutoboa matunda ambayo bado hayajalegea: kwa DCR-250 nimeweza kuona kwamba chombo kipo na kina giza, lakini meno yenyewe hayakuhesabika. Dume wake ni rahisi, kwani doa moja la giza karibu na ncha ya kila bawa linatosha kumwelekeza mtu.

Hata hivyo lenzi hizo mbili zinadai mengi. Kwa mara 5 na tundu la f/2.8, tundu la kweli linakuwa karibu f/17, na kina cha ukali hushuka chini ya sehemu ya ishirini ya milimita, kwa hiyo picha moja ya mkononi haitoi kitu kinachotambulika na mdudu lazima awe ametulia kabisa au amekufa. Wala hazirudi nyuma: MP-E haiwezi kupiga mandhari, na ya Laowa haiwezi kupiga hata kipepeo mzima. DCR-250 hutolewa kwa kubana springi mbili, na papo hapo mtu amebaki na lenzi yake ya kawaida. Kwa anayetembea akitafuta nzi bila kujua atakutana na wa ukubwa gani, wepesi huo una uzito wake.

Ndugu yake mdogo kwa nguvu, DCR-150 ya dayopta 4.8, anafaa kutajwa kwa sababu wengi huulizia ipi ichukuliwe. Kwa nzi wakubwa wa maua wa familia ya Syrphidae na kwa nzi wa mizoga, DCR-150 ni nzuri zaidi kwa kuwa inaacha nafasi kubwa, kama sentimita 20. Kwa nzi wadogo haitoshi.

Kuhusu kibanio, kinafaa kwa kuvaa na kuvua haraka lakini hakikai kwa uimara ule ule wa uzi, na kwenye ukuzaji wa mara 2 kioo kikikaa upande hata kidogo upande mmoja wa picha hulegea kuliko mwingine. Anayefanya kazi hii mara kwa mara atumie pete ya chuma ya kubadilisha uzi, kutoka milimita 43 ya kioo hadi kipenyo cha lenzi yake, na akiache kibanio nyumbani.

Jambo la mwisho linahusu ukubwa wa mdudu, ambao mtambuzi huuliza karibu kila mara na ambao picha iliyokatwa haiuonyeshi. Lenzi ya makro ikiachwa kwenye moja kwa moja na DCR-250 mbele yake, ukuzaji haubadiliki, hivyo inatosha kupiga rula mara moja kwa mpangilio huo huo, kuhesabu ni pikseli ngapi zinaingia kwenye milimita moja, na kuitumia namba hiyo kwa kila nzi atakayepigwa bila kugusa pete ya fokasi. Kwenye lenzi za kuvuta hesabu hiyo hutofautiana kila pete inaposogezwa, na mwenye lenzi ya namna hiyo atalazimika kuivuta hadi mwisho, kuifokasi mbali kabisa na kuiacha hapo, au apige rula upya kila anapobadilisha.